Asilimia kwenye matangazo: maswali yanayoulizwa mara kwa mara na watu wa Mwanza

Haya maswali yanarudi kila siku, dukani, kwenye magrupu, hata ndani ya daladala ya Buhongwa mtu anakuonyesha simu anauliza "hii ofa ni ya kweli?" Nafanya kazi ya kutunza hesabu za maduka hapa mjini kwahiyo naona pande zote mbili, ya anayebandika stika na ya anayetoa hela, na inaniuma kuona mtu anatoa laki yake kwa sababu ya namba ambayo hakuna aliyemfafanulia. Bei zilizomo humu ni za kufanyia hesabu tu, sio bei za duka lolote.

## MAMBO YA MSINGI

Mimi hesabu niliziacha darasa la saba. Asilimia ni nini kwa lugha rahisi?

Ni sehemu ngapi ukigawa kitu mara mia. Asilimia 40 ya 50,000 ni 20,000. Asilimia 40 ya 5,000 ni 2,000. Umeona, asilimia ni ile ile ila hela tofauti kabisa, kwahiyo ukisikia "asilimia 40" swali la kwanza mdomoni mwako liwe "ya nini?" Ukiuliza hilo swali moja tu kwenye kila tangazo utakuwa umejikinga na karibu kila kitu nilichoandika huku chini.

Nafanyaje hesabu haraka bila kikokotoo?

Tafuta asilimia 10 kwanza, unaondoa sifuri moja ya mwisho. Ya 85,000 ni 8,500. Asilimia 30 ni hiyo mara tatu, 25,500. Asilimia 5 ni nusu yake, 4,250. Basi.

Kwahiyo kila tangazo lenye asilimia ni la kupiga watu?

Hapana, tena hapo tusionee watu. Chukua mfuko wa mbolea ya Urea, umeandikwa asilimia 46 ya nitrojeni. Hiyo ni asilimia safi, inakwambia ni ya nini (uzito wa mfuko), inapimika maabara, na wewe mkulima unaweza kuitumia, mfuko wa kilo 50 una kilo 23 za nitrojeni, mchezo umeisha, unalinganisha na mbolea nyingine na bei yake. Linganisha na tangazo la "mazao yataongezeka kwa asilimia 300". Kutoka gunia ngapi? Kwenye shamba la nani, lenye maji au lisilo na maji? Hapo hujaambiwa kitu.

## PUNGUZO NA OFA

Feni imeandikwa "ilikuwa 95,000 sasa 57,000, punguzo asilimia 40". Nitajuaje kama kweli ilikuwa 95,000?

Hesabu yenyewe iko sawa, asilimia 40 ya 95,000 ni 38,000, ukitoa inabaki 57,000. Shida sio hesabu, shida ni ile 95,000. Punguzo linapimwa kutoka bei ya mwanzo, na bei ya mwanzo anaiandika muuzaji mwenyewe. Akitaka punguzo liwe asilimia 50 anaandika 114,000 halafu anakata kwa kalamu nyekundu, feni inabaki kuuzwa 57,000 ile ile aliyokuwa anaiuza tangu mwezi uliopita.

Angalia stika yenyewe kwa karibu. Mara nyingi ile bei iliyokatwa imeandikwa kwa kalamu moja na bei mpya, siku moja, mkono mmoja, na karatasi bado jeupe halina vumbi wakati boksi la feni lina vumbi la miezi. Ukichungulia feni zingine za aina hiyo hiyo nyuma ya rafu unaweza kukuta ambayo haijabandikwa upya, ina 57,000 bila mbwembwe yoyote. Dawa yake ni kutembea. Zunguka Makoroboi, uliza maduka matatu, usitaje ofa, uliza tu "feni hii bei gani bosi". Ukikuta kila mahali inauzwa 55,000 mpaka 60,000 basi hakuna punguzo, kuna bei ya kawaida iliyovalishwa nguo ya sikukuu.

Na ukiona tangazo la "bei itarudi kesho", pita tena wiki ijayo uangalie.

"Punguzo HADI asilimia 70" maana yake ni nini?

Maana yake kuna angalau kitu kimoja mle ndani kimepunguzwa asilimia 70, na vingine vyote vinaweza kuwa asilimia 5 au sifuri. Mara nyingi hicho kimoja ni kiatu namba 36 rangi ambayo haijapata mtu. Neno "hadi" wanaliandika dogo, 70 wanaiandika kubwa kama bango la kampeni. Kabla hujapanda daladala piga simu uulize, "hicho ninachotaka mimi kimepungua kiasi gani?"

Asilimia 50, halafu ukilipa kwa simu unapata asilimia 20 ya ziada. Si ni 70 hiyo?

Sio 70, ni 60. Ile 20 inakatwa kwenye bei ambayo tayari imeshakatwa. Kiatu cha 80,000 kinashuka mpaka 40,000, halafu asilimia 20 ya hiyo 40,000 ni 8,000, unalipa 32,000. Ingekuwa 70 kweli ungelipa 24,000. Ile 8,000 ya katikati ndo inayowafanya waandike hivyo badala ya kuandika 60 moja kwa moja.

Bora mafuta yenye "asilimia 20 zaidi bure" au yenye punguzo la asilimia 20?

Punguzo, kama bei ya kuanzia ni moja. Tuseme lita ni 6,000. Punguzo la 20 unalipa 4,800 kwa lita. Ile ya zaidi unalipa 6,000 kwa lita moja na robo kasoro kidogo, yaani 1.2, ukigawa ni 5,000 kwa lita. Kwahiyo "20 zaidi bure" ni sawa na punguzo la kama asilimia 17. Na hakikisha chupa kweli ni kubwa kuliko ya zamani, soma mililita, usisome rangi ya lebo.

Duka linasema "tunakuondolea VAT, okoa asilimia 18".

VAT ya kawaida huku bara ni asilimia 18 ya bei kabla ya kodi. Kitu cha 100,000 kinakuwa 118,000. Wakikuondolea unarudi 100,000, umeokoa 18,000 kati ya 118,000, hiyo ni kama asilimia 15. Sio uongo mkubwa. Kinachonisumbua zaidi ni kwamba wakati mwingine "kuondoa VAT" maana yake ni kukuuzia bila risiti ya EFD (ile ya mashine ya kodi), na friji likizima baada ya wiki mbili huna karatasi ya kudai waranti.

## BONASI NA KUBETI

Bonasi ya asilimia 100, yaani nikiweka 20,000 napata 40,000?

Kwenye skrini ndiyo. Mkononi bado. Soma masharti, utakuta bonasi inabidi uizungushe mara kadhaa kabla ya kutoa. Wakisema mara 10, bonasi ya 20,000 inakudai mikeka (tiketi za kubeti) ya jumla ya 200,000, na odi za mikeka yenyewe zina kiwango cha chini, na kuna siku za mwisho. Vijana wengi hela yao ya mwanzo inaisha humo humo katikati ya kuzungusha. Asilimia 100 hapo ni ya hela uliyoweka, sio ya hela utakayotoka nayo.

Kwenye bando ni hivyo hivyo kwa udogo, bonasi ya dakika inaweza kuwa ya mtandao mmoja tu au ya usiku tu. Uliza ni dakika za kwenda wapi na saa ngapi.

## MIKOPO NA FAIDA

Mkopo wa riba "asilimia 5 tu kwa mwezi". Mbona marejesho yananiumiza hivi?

Hili nalirudia kwa mama zangu wa sokoni kila mara kwa sababu ndo linaloua mitaji. Kuna riba inayopigwa kwenye deni lililobaki, na kuna riba inayopigwa kwenye mkopo wote wa mwanzo mpaka mwisho hata kama umeshalipa nusu. Tangazo linaandika "asilimia 5" zote mbili.

Umekopa 1,000,000 kwa miezi 12. Riba ya moja kwa moja ya 5 kwa mwezi ni 50,000 kila mwezi, jumla 600,000, unarejesha 1,600,000, yaani kama 133,300 kila mwezi. Sasa fikiria mwezi wa kumi na moja, deni lako limebaki dogo tu ila bado unalipishwa riba ya milioni nzima ambayo huna. Ukiigeuza hesabu hiyo iwe ya deni linalopungua, riba halisi ni kama asilimia 8 kwa mwezi, sio 5. Na hapo hatujaweka hela ya fomu na bima wanayokata siku ya kwanza, umekopa milioni ukapewa 950,000 ila riba inahesabiwa kwa milioni.

Usiulize "riba asilimia ngapi". Uliza "nitapokea shilingi ngapi mkononi, na mpaka namaliza nitakuwa nimelipa shilingi ngapi?" Namba mbili hizo. Akikataa kuzitaja au akikwambia "tutaona mbele ya safari dada yangu", huyo ni kausha damu, mkopeshaji wa kunyonya, ondoka. Na ile mikopo ya simu ya "asilimia 10 tu" angalia ni ya muda gani, kama ni ya wiki basi mwezi mmoja ni kama 40.

Kuna grupu linatoa faida asilimia 30 kila mwezi, wenzangu wamelipwa kweli.

Wamelipwa kwa hela yako wewe unayetaka kuingia leo. Fanya hesabu: 100,000 ikikua kwa 30 kila mwezi na faida ikaachwa humo, baada ya mwaka ni zaidi ya 2,300,000. Hakuna biashara ya sangara, ya dhahabu ya Geita wala ya kitu chochote ninachokijua inayomfanyia hivyo kila mtu kila mwezi bila kukosa. Watu wazima tunaikumbuka DECI, ule mchezo wa upatu, watu "walipanda mbegu" wakisubiri kuvuna, mwaka 2009 ikasimamishwa na viongozi wake wakafikishwa mahakamani. Walipwaji wa kwanza walikuwepo hata kule.

Mradi ulishuka asilimia 50 mwaka jana, mwaka huu umepanda asilimia 50. Si tumerudi palepale?

Hapana. 100,000 ilishuka ikawa 50,000. Asilimia 50 ya 50,000 ni 25,000, uko kwenye 75,000. Kurudi palepale unahitaji kupanda asilimia 100.

Nanunua kwa 10,000 nauza 15,000. Faida yangu ni asilimia 50 au 33?

Zote ni sahihi, 50 ya mtaji, 33 ya mauzo. Anayekuuzia wazo la biashara atakutajia 50. Rudi kwenye swali la kwanza kabisa juu, ya nini.

## SHULE

Bango la shule linasema "ufaulu asilimia 100 kidato cha nne". Nimpeleke mtoto?

Hapa nitakaa kidogo maana ni ada ya mamilioni na maisha ya mtoto.

Kwanza, kufaulu maana yake nini. Kwenye matokeo ya NECTA (Baraza la Mitihani), Division I ni pointi 7 mpaka 17, II ni 18 mpaka 21, III ni 22 mpaka 25, IV ni 26 mpaka 33, na ziro ni 34 na 35. Anayepata I mpaka IV anahesabiwa amefaulu. Shule yenye watoto 60 wote wamepata Division IV ina ufaulu wa asilimia 100. Shule yenye 60 wote Division I nayo ni asilimia 100. Bango ni moja, ila hao wa kwanza wengi wao hawaendi kidato cha tano, kwa sababu kule mtoto anatakiwa awe na angalau krediti tatu, yaani C kwenda juu, na D haihesabiki kama krediti.

Pili, asilimia 100 ya akina nani. Ya waliokaa mtihani. Tuseme form one waliingia 90, form four wakakaa 52. Wale 38 wako wapi? Wengine wamehama kwa sababu za kawaida kabisa, wazazi wamehamishwa kazi, ada imeshinda. Wengine wamechujwa, mtoto ameambiwa arudie darasa au atafute shule nyingine kwa sababu wastani wake ungechafua bango, na wapo wanaoishia kufanya mtihani kama watahiniwa wa kujitegemea kituo kingine. Mzazi aliyelipa ada miaka mitatu anaambiwa mwanao hafai mwezi wa kumi na moja, halafu Januari anapita anaona bango la asilimia 100. Hiki kitu kinaniudhi kuliko vyote nilivyoandika humu.

Ukienda ofisini kwa mkuu wa shule, uliza kwa adabu tu, "Mwalimu, hawa waliomaliza walikuwa wangapi form one?" Kisha ingia tovuti ya NECTA, matokeo ya kila kituo yapo, hesabu mwenyewe Division I, II na III ni wangapi. Tangu matokeo ya kidato cha nne ya 2022, yaliyotoka Januari 2023, NECTA haitangazi tena shule kumi bora, kwahiyo bango linalodai "namba moja kitaifa" kwa miaka ya karibuni muulize nani aliwapanga.

"Ufaulu umepanda kwa asilimia 50" ila wao wenyewe wanasema umetoka 40 kwenda 60. Iliyopanda si 20?

Umepanda pointi 20, na pia umepanda nusu ya ulipokuwa, kwahiyo hakuna aliyedanganya. Ila mwenye bango atachagua 50 kwenye kupanda, na kama ni riba imetoka asilimia fulani kwenda nyingine mkopeshaji atachagua namba ndogo. Dai zile mbili, ilipotoka na ilipofika.

## AFYA NA VYAKULA

"Inaua asilimia 99.9 ya vijidudu." Ina maana hakuna kinachobaki?

Kinabaki. Kwenye milioni moja wanabaki 1,000. Halafu hiyo 99.9 imepimwa maabara, kwa vijidudu walivyovichagua, kwa muda maalum wa kugusana. Mkono uliotoka kuparua sato, una magamba na mafuta, sio mkono wa maabara. Pale maji tiririka na sabuni, usitegemee kitakasa mikono.

"Madaktari 8 kati ya 10 wanapendekeza." Waliulizwa wapi?

Swali zuri, na kuna lingine, waliulizwaje. Uingereza mwaka 2007 mamlaka ya matangazo ilizuia tangazo la Colgate lililosema zaidi ya asilimia 80 ya madaktari wa meno wanaipendekeza. Kumbe kwenye simu waliyopigiwa, madaktari waliruhusiwa kutaja dawa zaidi ya moja, na kuna ya mshindani nayo ilitajwa karibu sawa. Anayesoma tangazo anaelewa kwamba 80 wameichagua hii wakaacha zingine, wakati sivyo. Na kwenye sabuni na losheni angalia maandishi madogo chini, unaweza kukuta waliojibu ni wachache wa kujaza Hiace moja.

"Inapunguza hatari kwa nusu." Inatisha, ninunue?

Uliza nusu ya ngapi. Hatari ya watu 2 kati ya 10 ikipungua nusu, ni jambo kubwa. Hatari ya watu 2 kati ya 7,000 ikipungua nusu, amepona mmoja kati ya 7,000.

Hii iliwahi kuumiza watu kweli, kwa upande wa kupanda. Oktoba 1995 Uingereza lilitoka onyo kwamba aina mpya ya vidonge vya uzazi wa mpango inaongeza mara mbili hatari ya damu kuganda, magazeti yakaandika asilimia 100. Kwa idadi ya watu ilikuwa kutoka mwanamke 1 kati ya 7,000 kwenda 2 kati ya 7,000. Wanawake wengi wakatupa vidonge, na mwaka uliofuata utoaji mimba England na Wales unakadiriwa kuongezeka kwa kama 13,000, wakati ujauzito wenyewe una hatari kubwa zaidi ya damu kuganda kuliko vile vidonge. Kama uko kwenye dawa usiache kwa sababu ya asilimia uliyoisoma kwenye simu, nenda kamuulize nesi au daktari, akwambie hatari kwa idadi ya watu.

Kipimo kina usahihi wa asilimia 99. Kikisema naumwa, si naumwa?

Sio lazima, na hili ni gumu kwahiyo soma taratibu. Watu 1,000 wamepimwa, wenye ugonjwa ni 10. Kipimo kinakosea mara 1 kwenye 100 pande zote mbili. Wagonjwa 10 karibu wote watapatikana. Wazima 990, mmoja katika kila mia ataambiwa anaumwa, hao ni kama 10. Kwahiyo walioambiwa wanaumwa ni 20 na nusu yao ni wazima kabisa. Ndo maana kwenye VVU hawakupi jibu la kuwa umeambukizwa kwa kipimo kimoja, wanathibitisha kwa kingine. Anayekupima mwili mzima kwa mashine moja stendi, akakutajia magonjwa matano na kukuuzia dozi palepale, usimpe hela.

"Asilimia 100 asilia."

Haikwambii kitu kuhusu usalama, tumbaku nayo ni asilia. Angalia usajili.

## KESI NGUMU

Nikigundua nimepigwa niende wapi?

Rudi dukani kwanza na risiti, wengi wanamaliza hapo. Isipowezekana, matangazo ya kupotosha mlaji yanakatazwa na Sheria ya Ushindani ya 2003, na wanaoisimamia ni Tume ya Ushindani, FCC. Dawa na vifaa tiba ni TMDA, chakula na vipodozi ni TBS, mikopo ni Benki Kuu, kubeti ni Bodi ya Michezo ya Kubahatisha. Piga picha tangazo siku hiyo hiyo kabla halijabanduliwa.

Nanunua dagaa Mwaloni. Muuzaji anasema wake wana unyevu zaidi "kwa asilimia 10 tu" ila bei ni ile ile. Kuna tofauti kweli?

Ipo, tena kubwa kuliko inavyosikika. Kilo 100 za dagaa wenye unyevu asilimia 20 zina kilo 80 za dagaa na kilo 20 za maji. Ukiwaanika mpaka unyevu uwe asilimia 10, zile kilo 80 haziendi popote, ila sasa ndo asilimia 90 ya mzigo, kwahiyo mzigo wote unakuwa kilo 88.9. Umepoteza kilo 11 za uzito uliolipia. Kwa 7,000 kwa kilo ni zaidi ya 77,000 umenunua maji ya ziwa.

Na hapo hatujagusa mchanga wa wale walioanikwa chini badala ya kwenye chanja. Chota konzi moja utie kwenye beseni la maji, koroga, subiri, halafu pitisha kidole chini ya beseni.

Kwa unyevu fanya hivi kabla ya kuchukua mzigo mkubwa: nunua kilo moja, waanike kwenye chanja siku moja ya jua kali, pima tena jioni. Ikirudi gramu 890, gawanya 7,000 kwa 0.89, unapata kama 7,870. Hiyo ndo bei ya kweli ya kilo yake, ilinganishe na ya jirani yake anayeuza wakavu.